Kokoa Ndani ya Ndege

Kila ninapopasua kokoa, ule uchachu wake mtamu hunirudisha kwenye kiti cha dirishani.

Nilikuwa nimembeba mgongoni mdogo wetu wa mwisho, nikakaa naye hivyohivyo, nimeinama mbele nisimbane.

"Mfungue, mdogo wangu, umpakate," alisema mhudumu wa ndege.

Shangazi, aliyetufuata kijijini kwetu Ipyana baada ya kumzika mama, akanyoosha mikono. "Nipe. Akinizoea, atabaki kwangu Dar, wewe utarudi kwa ndugu zako."

Nikafungua kitenge, nikampa mtoto pamoja nacho. Ndege ikapaa. Nililitafuta ziwa letu nyuma ya milima, nikashangaa kuwa juu namna ile na bado nisilione. Mtoto akaanza kupiga kelele huku akivuta masikio. Shangazi alimwimbia, akamtikisia funguo, wapi! Nikajiuliza anaumwa nini. Mara masikio yangu nayo yakaziba, nikameza mate, yakazibuka.

Kumbe ni kumeza tu!

Nilikuwa na kokoa mbivu, tunda zima, ya kula njiani. Nikaipasua kwenye chuma cha kiti, nikachovya kidole kwenye ule utelezi mweupe unaofunika mbegu, nikampa anyonye. Akameza, akanyamaza. Shangazi naye akachovya chake. Mtoto akakitema, akakishika changu.

"Mwe! Hata kokoa anajua imetoka mkono gani!" Shangazi alicheka, kisha akaacha kucheka.

Tuliposhuka alinirudishia kitenge. "Mbebe. Mtarudi wote."

Nikainama. Mtoto akapanda mwenyewe.