Paja la Earl

Earl Dombrowski, tarishi mstaafu wa Milwaukee, hakuwa na huruma na majeruhi. Kila asubuhi mkahawani alimsema Kessler, mrushaji nyota wa timu yao ya besiboli, aliyeumia msuli wa paja zikiwa zimebaki mechi tisa msimu uishe, nao wakiwa nyuma ya vinara wa ligi kwa ushindi mmoja tu.

"Dola milioni ishirini kwa mwaka, kazi yake kukalia barafu," alisema. "Mimi nimegawa barua miaka thelathini huku nachechemea."

"Ulikuwa unatoka baa," rafiki yake Vern alimjibu.

Jumapili walitazama mechi nyumbani kwa Vern. Timu yao iliposhinda kwa pigo la mwisho, Earl aliruka kutoka kwenye kochi, akashika paja, akaangukia sahani ya soseji.

"Usiniguse," alinong'ona.

Kesho yake mkahawani Vern alimzuia kuketi mezani pao. "Uko kwenye orodha ya majeruhi, mzee. Kama wachezaji: siku kumi nje, hakuna kubishana nami."

Earl akahamia meza ya pembeni, mguu juu ya kiti. Vern alipoanza kudai Kessler atarudi Ijumaa, Earl alimwita mhudumu.

"Mwambie yule bwege, paja haliponi kwa siku nne."