Mkono wa Bwana Tone

Mwenzangu wa maabara tulimwita Bwana Tone, kwa sababu kazi yake nzima ilikuwa tone moja. Tulikuwa tunatengeneza sola za perovskaiti, yaani vioo vilivyopakwa dawa inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Unamimina dawa ya njano juu ya kipande cha kioo, mashine inakizungusha mpaka dawa itandae, halafu, kikiwa bado kinazunguka, unadondoshea dawa ya pili katikati kwa bomba la sindano. Ukiwahi umeharibu, ukichelewa umeharibu. Ukipatia, unakiweka kwenye jiko la umeme na utando unageuka mweusi, unang'aa mpaka unaiona pua yako humo.

Sasa mtu mwenyewe muoga, Mungu amsamehe. Ukimsifu tu, mkono unatetemeka. Lakini mkorofishe, mwambie hajui kuosha hata kikombe chake, basi anafura, anakunja uso, na mkono unatulia tuli. Mimi mdomo ninao, sikuuomba. Ndiyo maana vioo vyetu vilikuwa vizuri.

Ikaja habari kwamba fungu la fedha limepungua, nafasi imebaki moja. Kila mmoja wetu atengeneze kioo mbele ya mkuu wa maabara na wageni wake, na mwenye kioo bora ndiye atakayebaki. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Nilianza mimi. Changu kikatoka cheusi, kina ukungu kidogo pembeni. Akaja Tone. Mkuu, mtu wa heshima zake, akamwambia asiwe na wasiwasi, wote wanamwamini. Loo, alimmaliza. Kioo kikatoka na mabaka ya njano. Akapewa nafasi nyingine, wageni wakamtabasamia, na bomba la sindano likawa linacheza mkononi mwake.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini kuona dawa nzuri inaharibiwa hivi hivi, roho ikanichemka.

"Wewe kaka," nikasema, "kama kioo kinakutisha, si uende nyumbani ukalale? Hata mkeo anakuonea haya."

Wageni wakaduwaa. Tone akafura, akadondosha. Kioo kikatoka cheusi ti, hakina hata doa. Kazi akapata yeye, na mimi mkuu akaniaga kwa kuniambia nijifunze adabu.

Jumatatu niko nyumbani nafua, hasira zimenijaa, simu ikalia. Ni Tone.

"Dada yangu," akasema, "tangu asubuhi naharibu tu. Nawasha mashine sasa hivi. Nitukane, nakuomba."

Nikafuta povu mikononi, nikakaa vizuri. Siku zote nilikuwa namtania. Siku hiyo sikuhitaji kutunga.