Kaseti ya Pili

Ukitaka kumuudhi Pélagie, mwambie kwamba filamu za siku hizi ni nzuri. Atakutazama kwa huruma, kama vile wewe ni mtu aliyekosa chakula cha mchana, kisha atakuuliza kama umewahi kuona filamu za miaka ya tisini, zile zilizovuka mpaka kutoka Bujumbura kuingia Uvira, kwao Zaire, zikiwa zimefungwa ndani ya mifuko ya sukari. Ukisema hujaziona, umekwisha. Utakaa hapo hapo mbele ya nyumba yake kule Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, utapewa mahindi upukuchue, nawe utasimuliwa mpaka mikono iote malengelenge.

Majina ya filamu zenyewe hakuyajua, na Uvira nzima hakuna aliyeyajua. Makasha yake yaliandikwa kwa herufi ambazo hata mwalimu mkuu alizikwepa, basi watu wakazibatiza wenyewe. Kulikuwa na ile ya Bibi wa Ufagio, kikongwe wa Kichina aliyewatandika majambazi wa kijiji kizima huku sufuria yake ikiendelea kuchemka. Kulikuwa na ile ya Mapacha wa Matofali. Ile ya Komando na Mamba hakuipenda sana, kelele nyingi na maneno machache, ingawa alikubali kwamba mamba aliigiza vizuri. Lakini juu ya zote aliiweka ile ya Daraja, ya Kihindi, na akifika hapo wanawake walioketi naye waliacha kupiga soga.

Filamu za Kihindi zilikuwa ndefu, kila moja ilikuja kwa kaseti mbili. Kaseti ya kwanza ilichezwa alasiri. Ya pili ilianza jua likishazama, na saa hiyo binti wa watu wenye heshima alitakiwa awe jikoni kwao akisonga ugali, si kwenye benchi la sali, ule ukumbi wa video, katikati ya vijana. Kaka yake mkubwa, Bienvenu, aliruhusiwa kubaki. Asubuhi, wakienda kuteka maji, Bienvenu alimsimulia dada yake yaliyotokea. Kwa hiyo Pélagie alikuwa bingwa wa filamu ambazo miisho yake aliisikia tu. Hakuona kasoro yoyote katika hilo, maana wasichana wote wa mtaa wao walikuwa hivyo hivyo, na Bienvenu alikuwa na kipaji cha kusimulia kuliko kaka zao wengine wote.

Filamu ya Daraja ilihusu msichana wa kijijini aliyependwa na askari. Askari anaitwa vitani, anamwahidi atarudi, anapanda lori pamoja na wenzake. Lori linafika katikati ya daraja, daraja linalipuka, na hapo ndipo kaseti ya kwanza iliisha. Pélagie alitembea hadi nyumbani akilia, akasonga ugali ukawa na madonge. Asubuhi Bienvenu akamwambia mwisho wake: askari hakufa, alitoka majini salama, akafika mji mwingine na kuoa mke mwingine. Msichana alimngoja mpaka nywele zikawa nyeupe, akafa kando ya mto, na askari hata hakumkumbuka.

Wiki ile ile kulikuwa na mtu aliyengoja jibu kutoka kwa Pélagie. Aliitwa Mihigo, kaporali wa jeshi la Zaire pale bandarini, kijana mwembamba aliyependa kunyoosha suruali yake kwa pasi hata kama mshahara haujafika. Alitaka kuleta wazee wake kwa baba yake Pélagie. Pélagie alikuwa amekwisha kuamua kusema ndiyo, na hilo hakulificha hata uzeeni. Lakini asubuhi ile, baada ya kuteka maji, alimwambia hapana. Mihigo alivaa kofia yake, akashukuru, akaondoka. Baadaye vita vilikuja na kila mtu akakimbia kwa njia yake.

Ya kukimbia hayasimulii. Husema tu kwamba alikutana na Gad njiani, mkulima mpole asiyependa filamu, wakaoana, wakafika Uganda, wakapewa kiwanja Nakivale. Gad alikuwa mume mwema. Aliugua na kufariki miaka michache iliyopita, akamwachia shamba la mahindi na binti mmoja, Yvette, ambaye sasa anasuka nywele katika saluni ya Nyamityobora, huko Mbarara mjini. Bienvenu naye yupo Nakivale, shemasi kanisani, na kwa kuwa ndiye mjomba, neno la mwisho kuhusu ndoa ya Yvette ni lake na la dada yake.

Na ndoa yenyewe ilikuja. Yvette alipiga simu kusema amepata mchumba, anaitwa Bob, dereva, kijana mtulivu, anasali. Pélagie akauliza anaendesha gari la nani. Yvette akasema la jeshi. Bob anaishi katika kambi ya Mbarara, na kikosi chake kitaondoka kwenda nje kabla mwaka haujaisha, ndiyo maana angependa familia zikutane mapema.

"Soda?" Pélagie aliuliza, kwa neno la Wakongo la kumwita askari. "Mutoto wangu, soda tena? Unajua mwisho ya filme ya Daraja. Nilikuambiaka tangu uko mudogo."

"Mama, ile ni filme."

"Filme ni batu ndiyo banaitengeneza. Banaonaka mambo kwanza," alijibu Pélagie, ambaye kwa Kiswahili cha kwao watu ni "batu".

Yvette hakubishana. Si binti wa kutoroka, na mama akikataa, yeye ataacha, kama mama yake alivyoacha. Hilo Pélagie alilijua vizuri, na lilimfanya ajisikie salama. Bienvenu alipoulizwa alikubaliana naye haraka sana, akaongeza aya za Biblia. Kilichobaki kilikuwa kwenda kumwambia mama wa Bob, kwa sababu mtu na adabu zake hakatai posa kwa simu. Pélagie akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanda gari la asubuhi la Mbarara.

Kellen, mama wa Bob, alikuwa mjane wa sajini, anauza maziwa yanayoletwa kutoka Bwizibwera, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Kiswahili chake alikiokota kambini, akakitumia bila woga. Hakumpa mgeni nafasi ya kufungua kinywa. Alimkalisha, akamletea matoke na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, akamwekea na kikombe cha maziwa.

"Mama Yvette, kula kwanza. Maneno hapana kimbia," alisema. "Na hii firimu mimi nataka kumaliza, napenda sana ya zamani."

Pélagie akageukia televisheni kwa heshima tu. Juu ya picha kulikuwa na sauti ya mwanamume wa Kampala akitafsiri kwa Kiganda na kutia vichekesho vyake, na picha yenyewe ilikuwa imefifia. Kisha akaliona lile daraja. Akaliona lori, akaona moshi. Akaweka kijiko chini.

"Hii mimi ninaijua," alisema. "Tangu Uvira. Ule soda atamuacha. Ataoa bibi mwingine."

"Nani nasema hiyo?" Kellen alishangaa. "Huyu narudi! Wewe ngoja."

"Hapana, Mama Bob. Ninaijua filme hii kuliko jina yangu."

"Na mimi naona mara mingi, hata bwana yangu alikuwa nachoka. Ngoja tu, nnyabo, mama yangu."

Wakangoja. Chakula kikapoa. Mtafsiri aliendelea na porojo zake, lakini macho hayahitaji mkalimani. Askari alitolewa majini amevunjika mguu, akafungwa gerezani, akatoka na ndevu. Hakuoa popote. Alitembea kwa mkongojo nchi nzima, na mwishoni akafika kisimani alipokuwa msichana yule, nywele zake zikiwa nyeusi tititi, akamwomba maji ya kunywa. Msichana akaangusha mtungi. Kukawa na wimbo mrefu, watu wakacheza, na Kellen akaimba nao huku akijifuta machozi.

Pélagie hakulia. Alikaa mikono mapajani, akasikia hasira ikimpanda, hasira safi ambayo hakuwahi kuijua. Kellen alipouliza, sasa ni maneno gani uliniletea, alisema, "Nilikuja kukusalimia tu. Ile ingine nitakuambia." Akanywa maziwa yake yote, akaaga.

Kesho yake alimkuta Bienvenu nyuma ya nyumba, akitia jembe mpini mpya. Hakukaa.

"Yaya," alisema, kwani hivyo ndivyo alivyomwita kaka yake maisha yote, "ule soda wa Daraja anarudi."

Bienvenu akacheka. "Unanipelekea mambo ya Zaire leo?"

"Kaseti ya pili uliionaka?"

"Niliionaka."

"Anarudi?"

Bienvenu akaangalia mpini, akaugeuza huku na huku. Alikuwa mtu wa kanisa na umri umekwenda, uongo ulikuwa hautoki tena kwa urahisi.

"Anarudi," alisema. "Na mukongojo."

"Basi kwa nini?"

"Baba ndiyo alinitumaka. Alisema, mimi nikimukataza atalazimisha kuolewa, lakini weye Bienvenu anakuamini. Basi nikabadilisha mwisho." Akainua macho. "Na weye unajua basoda ba wakati ule. Balikuwa bananyanganya batu kila fasi. Tulikuokoa, Pélagie."

Huenda ni kweli. Pélagie mwenyewe alikuwa ameliwaza hilo usiku kucha kabla ya kuja hapa, kwamba Mihigo angeweza kuwa kama wenzake, au kumwacha kweli, au kufa katika wiki ya kwanza ya vita. Hakumlilia Mihigo, ambaye sura yake ilikuwa imeanza kumtoka. Wala hakumjutia Gad. Kilichomuuma ni kwamba aliamini amechagua, akatembea na uchaguzi huo kichwa juu miaka yote hii, akawasimulia wanawake wenzake, akamlea nao binti yake, kumbe waliochagua ni wanaume wawili waliokaa mezani wakila ugali wake wenye madonge.

"Angeniacha, ningelia," alisema. "Lakini ningelia yangu. Miye nililiaka ya uongo."

Bienvenu alikohoa, akarudi kwenye mambo anayoyaweza. "Sasa batu ba Mbarara bakikuja, mimi mujomba nibaambie nini? Ndiyo ao hapana?"

"Hautabaambia kitu. Utavaa koti yako, utakaa mbele, utakula. Nitasema miye."

"Mwanamuke hasemake mbele ya bakwe."

"Batashangaa kidogo, kisha batazoea."

Akatoa simu kwenye pindo la kitenge, akampigia Yvette hapo hapo, akaweka sauti kubwa ili kaka yake asikie. Kelele za saluni zikaingia uani, mashine za kukausha nywele na wanawake wakicheka.

"Mama," Yvette alisema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa mabaya. "Mumeamua nini?"

"Hatujaamua kitu. Ninakuuliza weye. Ule Bob, unamutaka?"

Yvette akatoka nje ya saluni, kelele zikafifia. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Bienvenu akafungua kinywa ili amsaidie mtoto kupata jibu, na Pélagie akamwinulia kiganja, akaisogeza simu mbali naye, akasubiri.