Udongo wa Ng'ambo

Kila mwezi, mama mmoja mfinyanzi alivuka mpaka kwenda nchi jirani na kurudi na gunia zito kichwani. Majirani walianza kunong'ona. Siku moja askari wa kizuizi cha mpakani walimtoa kwenye foleni.

"Mama, umebeba nini?"

"Udongo, mwanangu."

"Udongo? Kwani huku kwetu umekwisha?"

Walifungua gunia, wakachomeka fimbo hadi chini, wakakuta udongo mtupu. Mkubwa wao hakuridhika. "Wewe hasa ni wa huku au wa kule?"

"Mama yake bibi yangu alivuka kuja huku akikimbia njaa. Bibi akarudi kule kukimbia kodi ya kichwa. Mama yangu akaletwa huku na ndoa, nami nikazaliwa. Sasa niambie wewe, mimi ni wa wapi? Udongo wa kule haupasuki motoni, ndiyo maana naufuata, kama bibi alivyonifundisha."

Askari alimkazia macho, akaandika jina lake, kisha akamwachia.

Nyumbani alimkuta wifi yake mlangoni. Wifi alishtuka kama aliyeona mzuka.

"He! Wifi, wamekuachia?"

Mfinyanzi alitua gunia polepole. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba alikamatwa.

"Wameniachia, wifi," alijibu, akaingia ndani kunywa maji.

Tangu siku hiyo, mfinyanzi akimwambia wifi yake kwamba atasafiri Jumanne, huondoka Jumapili alfajiri.