Pikipiki Iliyotulia Mvuani

Kwetu, kwenye kilima kinachotazama mji wa Sotik, asubuhi ilinukia vitu viwili. Cha kwanza ni majani ya chai yakikaushwa kiwandani, na harufu hiyo ilikuwa ya kila mtu. Cha pili ni petroli, nayo ilikuwa ya Baba. Pikipiki yake ilikaa kando ya ghala la mahindi, na asipokuwa dukani kwake ungempata amechuchumaa hapo, mikono myeusi hadi viwikoni, akiisemesha kwa Kikuyu kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Babu, aliyehamia huku kutoka Nyeri, ndiye aliyeinunua ikiwa tayari kuukuu. Baba alipoirithi hakuiacha ilivyo. Aliinua usukani, akafupisha mabomba ya moshi, kisha akang'oa kabureta zake mbili, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na kufunga nyingine kubwa zaidi za pikipiki ya aina tofauti, ili ipande mlima bila kulalamika. Na mlima iliupanda. Tatizo lilikuwa kusimama. Baba akipunguza mafuta ili iungurume tu mahali pamoja, ilianza kukohoa, mlio ukapanda na kushuka, halafu ikazimika.

Siku moja ya soko ilizimika kwenye njia panda, Mama akiwa nyuma na furushi lake la vitambaa vya kuuza, na lori la majani ya chai likiteremka nyuma yao huku likipiga honi. Dereva aliwakwepa kwa shida. Mama alishuka, akajitwika furushi na kutembea hadi sokoni bila kugeuka. Jioni alimwambia Baba mbele yetu sote, "Baba Wanjiru, hiyo kitu mimi sipandi tena."

Mtu angesema ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Tangu waoane siku ya soko ilikuwa yao wawili, na walirudi wakizungumza kwa kupiga kelele ili washinde upepo, tukasikia kicheko cha Mama kabla hatujaona pikipiki. Sasa Mama alikwenda kwa pikapu ya jirani, na Baba akatafuta visingizio vya kubaki. Mezani walizungumza habari za chumvi na kuni tu. Mimi ndiye Wanjiru, kifungua mimba wao, na niliogopa sana kwamba nyumba yetu itabaki hivyo hivyo.

Baba alijaribu kila alilolijua. Alibadilisha plagi. Alizifungua kabureta juu ya gunia safi na kupuliza vitundu vyake kwa mdomo mpaka chai yake ikawa na ladha ya petroli. Aliweka viganja nyuma ya mabomba yote mawili ya moshi, macho ameyafumba, akapima pumzi zake. "Ya kulia inapumua," alisema, "ya kushoto inameza." Akikaza skrubu ili injini izunguke kwa kasi zaidi, kuku wote walikimbilia kwenye mahindi; akiilegeza, ilizimika. Mwishowe akaenda kwa Kiprono, fundi wa Sotik na rafiki yake wa siku nyingi. Kiprono aliitazama, akacheka. "Rudisha kabureta zake za zamani, Mzee. Hii ni kama umevalisha ng'ombe viatu." Baba alirudi amenuna. Angeweza kuachia kitu chochote, lakini si kabureta zile.

Kwa sababu kabureta hizo hazikuwa za pikipiki hiyo, hazikukaa sawasawa mahali pake. Baba alikuwa ameunganisha kila moja na injini kwa kipande cha mpira wa maji wa lori, kisha akazungushia blada, yaani vipande virefu vilivyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mtu asiye wa huku hawezi kujua blada ni nini kwetu. Ndiyo kamba, ndiyo gundi, ndiyo msumari. Madebe ya maziwa hufungwa kwa blada, magunia ya majani chai vivyo hivyo, mpini wa jembe uliopasuka, hata mlango wa banda la kuku. Nani angeishuku blada? Baba alikagua pikipiki nzima mara nyingi, na kila alipofika kwenye blada alipita tu, kama unavyompita shemeji uliyemzoea.

Mama naye hakuanza na blada. Alianza na mvua. Jumapili moja tulikuwa chini ya upenu tukimenya viazi, Baba ameiacha pikipiki ikikohoa uani, mara mvua ya mchana ikashuka kama kawaida yake. Baba akakimbilia kwetu. Pikipiki za watu wengine mvua huzizima. Ile yetu ilikohoa kidogo, ikatulia, ikaunguruma taratibu kama iliyotoka kiwandani jana. Mvua ilipokatika na jua kutoka, ikaanza tena kukohoa, na punde si punde ikazimika.

"Baba Wanjiru," Mama alisema bila kuinua macho, "hiyo pikipiki yako mvua ikinyesha inatulia."

"Pikipiki haipendi maji, Mama Wanjiru."

"Hii inapenda. Hata juzi nilisikia. Na ile siku ya lori ilikuwa jua."

Kumbe muda wote huo aliokataa kuipanda pikipiki, Mama alikuwa akiisikiliza. Alisimama, akachota maji kwa kikombe, akamwambia, "Washa." Akayamwaga kidogo kidogo kwenye injini, mahali baada ya mahali. Upande wa kulia hakuna kilichobadilika. Upande wa kushoto, maji yalipogusa blada, injini iliacha kikohozi chake kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Baba aliikata blada kwa kisu, ikamng'ang'ania vidoleni kama ubani uliotafunwa. Petroli ilikuwa imeilainisha na kuilegeza, na chini yake mpira wa lori ulikuwa na ufa. Injini ilikuwa ikivuta hewa ya wizi kupitia hapo, na maji ndiyo yaliyokuwa yakiuziba. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku chache baadaye Kiprono akamtafutia mipira mipya inayofaa, na vyuma vya kuikaza.

Mama bado hakuridhika. "Iwashe uiache hapo nje, uje unywe chai," alisema. "Ukimaliza kikombe na bado inaunguruma, nitafunga kitambaa changu cha safari." Baba alikunywa kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Alipokiweka kikombe mezani, nje pikipiki ilikuwa bado ikisema maneno yake yale yale. Mama akaingia chumbani na kutoka amefunga kitambaa kichwani. Haikuwa siku ya soko na hawakuwa na kitu cha kununua, lakini wakaenda Sotik.

Leo naishi Kericho mjini na nina gari linalojieleza lenyewe. Taa ikiwaka, fundi anachomeka kompyuta, anasoma ugonjwa. Ni raha, na siwezi kudanganya kwamba natamani mikono yenye grisi. Lakini mimi na mume wangu tunaweza kwenda Mulot na kurudi, yeye na redio yake, mimi na simu yangu, na kitu kikagonga chini ya gari njia nzima, hakuna aliyesikia.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Magoti ya Mama yamekataa pikipiki kabisa. Hata hivyo Baba aliiwasha, na Mama akaketi karibu kwenye kiti cha plastiki, kichwa ameinamisha upande. "Kushoto inachelewa kidogo," alisema. Baba akagusa skrubu. "Hapo." Mlio ukawa mzuri kiasi kwamba niliwaonea wivu, wazazi wangu mwenyewe. Basi nikamwambia Baba aiendeshe hadi Sotik na kurudi, kwani ina kosa gani?

Alinitazama kwa huruma, akaizima.

"Niende na masikio ya nani?"