Pasi ya Nguba

Nilikuwa ninapiga pasi mu nyumba za watu kule Nguba, mutaa wa matajiri, ninalipwa kwa kila kikapu cha nguo. Asubuhi vita ilipotukaribia, nilimukuta madame mumoja wa nyumba hizo anapakia valizi mu gari.

"Maman, banki zote zimefungwa," aliniambia. "Beba hii pasi, iwe malipo ya vikapu vyako vya mwezi huu."

Kwetu hakuna umeme, lakini nilishukuru, nikaibeba. Siku ile watu walikuwa wanapora madepo ya bidhaa, na jirani yangu aliponiona akauliza, "Na wewe pia, maman?"

Nilimueleza, akaenda zake. Kesho yake, kwenye bomba la maji, watoto wangu waliitwa watoto wa mwizi. Nilirudi Nguba, nikaiacha pasi mbele ya lango la yule madame, lililofungwa. Hata mulinzi hakuwepo wa kuniona nikiirudisha.