Santuri Iliyonuka Rangi ya Kucha

Rangi ya kucha hunitia kichefuchefu mpaka leo. Shoga zangu hunicheka, lakini mimi nikiinusa tu nimesharudi Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, kwenye duka la baba, mbele ya santuri nyeusi iliyonuka vile vile.

Baba, mtu wa Tanga, alitengeneza gramafoni na kuuza santuri kuukuu. Hiyo moja aliificha kabatini. Mwimbaji alikuwa Mwingereza wa zile siku za mwanzo za rokenroli, kuli wa bandarini aliyeokotwa akiimba mkahawani, akavuma kwa wimbo mmoja, kisha akasahaulika. Alipozuru Johannesburg alirekodi wimbo mwingine kwenye sahani laini ya majaribio. Haukutolewa kamwe. Fundi wa studio, mzee wa Kireno, alimwachia baba sahani hiyo, nayo ilikuwa ya pekee duniani.

"Hii haichezwi, Tunu," alinikanya. "Kila sindano ikipita, inakula sauti."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kila nikitoka madrasa, baba akiwa bado msikitini kwa Alasiri, niliicheza. Nilimpenda mno yule mwimbaji. Nilicheza naye dansi peke yangu katikati ya makasha.

Mwezi ule maneno ya kutufukuza sisi wageni yalizidi. Kitongoji cha Alexandra, spaza za wageni, vile viduka vya mitaani, zilikuwa zikichomwa, na mteja wetu mmoja alimwambia baba, huku akitabasamu, kwamba duka hili zuri, tukiondoka ataingia yeye. Mama akafunga mabegi. Mnunuzi kutoka Uingereza angekuja Jumamosi. Santuri ikiuzika, tungepata nauli ya kurudi Tanga.

Alikuja, akavaa glavu, akashusha sindano. Tukasikia mchanga ukipepetwa, na kwa mbali sana mtu kama anazama. Mzungu akainua sindano, akashukuru, akaenda zake.

Baba alinitazama mara moja tu. "Joto la bati hili," akamwambia mama. "Limeiharibu."

Saa tisa mchana ule ule kinyozi jirani yetu, Mkongo, akagonga. "Papa Tunu, funga. Bamefika ku robot." Zile taa za njia panda zilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu.

Tukajifungia chumba cha nyuma. Marungu ya wale wachoma maduka yalipiga milango ya bati, mmoja baada ya mwingine, yakija upande wetu. Mama alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Baba akaweka mkono kichwani pangu, akaninong'oneza: "Mwimbie mama yako ule wimbo. Polepole."

Nikauimba sikioni mwa mama, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea neno, huku dukani wakivunja na kubeba. Chumba chetu hawakukifikia.

Miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilimtuliza mama. Nilikuwa nimeshazaa mwanangu wa kwanza nilipopigwa na butwaa jikoni, kijiko mkononi: wimbo ule haukutolewa popote, na baba hakuwahi kuucheza mbele yangu. Nilikuwa nikikiri kosa langu, ubeti kwa ubeti, naye anasikiliza. Na mkono wake haukutoka kichwani pangu.